Nilivyompandisha Baba Mkwe Mlima Kenya

Sababu ya safari hii ni kifundo cha mguu wa mume wangu. Nyabuto alipanda mparachichi ulio nyuma ya nyumba yetu pale Ekerenyo, Nyamira, tawi likakatika, naye akashuka nalo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili tu twende Mlima Kenya, sisi wawili. Mwongozaji alikuwa ameshathibitisha na mimi nimeshafungasha. Nakiri kwamba nilimpeleka hospitalini nikiwa na hasira zaidi ya huruma.

Wengine wenu mnanijua. Mimi ni Moraa, fundi cherehani, nina kibanda cha sare za shule Kisii mjini, na kwa sababu ambayo majirani wameshindwa kuielewa, napenda kupanda milima. Si kazi yangu na sina cheti chochote. Ilianza na jaketi la mtumba nililolikuta soko la Daraja Mbili, lenye picha ya kilele kifuani, nikajiuliza mwenyewe alikuwa amelivaa wapi. Tangu hapo nimepanda Longonot, Elgon na Kilimanjaro, nikaenda Rwanda, na mwaka mmoja nikafika hadi Moroko, ambako nilitapika kwenye theluji mbele ya Wafaransa wanne. Mama mkwe huyaita haya yote "ugonjwa wa Moraa".

Jioni ya siku ile baba mkwe alikuja kumjulia hali mwanawe. Alikaa uani, kama kawaida yake, kwa kuwa baba wa Kikisii haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, heshima na haya iliyowekwa kati ya mkwe na mkwe, na kwetu haikuwa na mchezo. Katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kushikana mkono na mzee yule. Nikimpa chai, naiweka kwenye kigoda, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Suruali zake zote nazishona mimi, lakini tepe langu halijawahi kugusa kiuno chake. Mama mkwe huniletea suruali kuukuu, naipima hiyo, nashona nyingine kama hiyo.

Basi mzee akanywa chai yake, akasikiliza habari za kifundo na za mlima, akasafisha koo.

"Hiyo nafasi," alisema, "nitaenda mimi."

Nilidhani anatania. Nyabuto alicheka, halafu akaacha kucheka.

Mwalimu Ombasa, ndilo jina lake, alifundisha Jiografia miaka thelathini. Kila mwaka alichora Mlima Kenya ubaoni kwa chaki, akapaka barafu kwa chaki nyeupe, akaeleza jinsi barafu inavyochonga mabonde. Kumbe hajawahi kuiona. Si barafu ya mlima huo tu, barafu yoyote ile isipokuwa ya kwenye friji. Alilisema hilo uani pale, akitazama kikombe, na mimi nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimemwona mtu huyu kila siku kwa miaka tisa na sikujua kwamba ana hamu ya kitu chochote.

Mama mkwe hakupinga. Alinivuta jikoni kwake, akanishika kiwiko.

"Moraa, huyo mzee ana miaka sitini na sita. Umrudishe kama ulivyomchukua."

"Nitamrudisha, Mama."

"Sikusikia vizuri."

"Nitamrudisha."

Siku ya soko nilikwenda Daraja Mbili kumtafutia nguo. Pale nina muuzaji wangu, Mama Kwamboka, ambaye akifungua robota huniwekea kando zile bora za kwanza, tunazoziita kamera. Nilipata jaketi zuri, suruali ya kuzuia mvua, glavu na soksi nene. Kisha Mama Kwamboka akanitolea nguo za ndani za baridi, fulana ya mikono mirefu na suruali ndefu inayobana mwili, zile zisizo za pamba. Yeyote aliyepanda mlima anajua kwamba nguo hizo ndizo uhai wako, maana pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto mpaka uishe.

Nikazishika na kuzigeuza. Kisha nikawaza: nitampaje mkwe wangu, mtu ninayemwita Tata, baba, nguo za ndani? Nitamwambia Mama nini? "Mpe Tata hizi avae ndani kabisa"? Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikazirudisha kwenye rundo.

"Na zile?" Mama Kwamboka akauliza.

"Anazo zake," nikasema. Sijui nilidanganya kwa nini. Nilichofanya ni kumwambia mama mkwe amwambie mzee avae nguo za joto ndani. Za joto, basi. Kosa langu lote lilianzia pale, mchana kweupe, kwenye rundo la mitumba.

Jumapili alfajiri tuliondoka Ekerenyo. Mzee alitoka kwake amevaa suti, tai na kofia yake ya kanisani, mkononi ana daftari. Majirani walisimama kwenye mashamba ya chai kumtazama. Garini alikaa mbele na dereva, mimi nyuma kabisa, na kati yetu kulikuwa na abiria tisa na jogoo mmoja. Tulipita Nakuru, tukala Nyahururu, tukafika Naro Moru, chini ya mlima, jua likielekea kuzama. Njiani kote tuliongea mara mbili, zote kuhusu choo.

Jumatatu asubuhi tulikutana na mwongozaji wetu, Muriuki, mtu mfupi mwenye miguu ya chuma, pamoja na mpishi wake. Muriuki alimtazama mzee juu mpaka chini.

"Guka, umewahi panda mlima?" aliuliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Mimi huchuma chai kwenye mteremko tangu nistaafu," mzee akamjibu. "Wewe umewahi chuma chai?"

Muriuki akacheka, na tangu hapo wakawa marafiki. Tulipita msitu wa mianzi tukiwa wakavu, tukalala kwenye kituo cha kwanza. Mzee alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kuandika daftarini: aina ya miti, rangi ya udongo, saa. Nilikuwa nimejiandaa kumsubiri. Badala yake ni yeye aliyenisubiri mimi, mzoefu wa Kilimanjaro na Moroko, nikihema kama cherehani bovu.

Jumanne tulivuka kinamasi kile kirefu kinachopanda badala ya kulala, ambako ukikanyaga vibaya unazama hadi magotini. Saa tisa tuliingia kambini, kwenye bonde lililo chini ya vilele. Muriuki akashauri tupumzike siku moja, miili izoee hewa nyembamba. Mzee akakataa kwa upole. Ijumaa kabla jua halijatua alitaka awe nyumbani, maana Sabato haijawahi kumkuta njiani tangu abatizwe.

"Basi tuamke saa nane usiku, tuwe juu jua likichomoza," Muriuki akasema. "Mchana huko juu hali ya hewa hubadilika."

"Saa nane usiku nitaona nini?" mzee akauliza. "Sikutoka Nyamira kuja kuangalia barafu na tochi."

Muriuki akanigeukia. Nilipaswa kumwunga mkono. Nimesoma habari za milima, nimeambiwa na kila mwongozaji niliyewahi kumlipa. Lakini mkwe habishani na mkwe mbele ya watu. Nikainama nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Jumatano tuliondoka kulipopambazuka, watu watatu, mpishi akabaki kambini. Kulikuwa na jua zuri ajabu. Njia inapanda kwenye mawe madogomadogo yanayoteleza, unapiga hatua mbili unarudi moja. Nilikuwa nikimwekea mzee kikombe cha chai juu ya jiwe, narudi nyuma, anakichukua. Muriuki alitutazama tukifanya hivyo mara tatu.

"Kwani mmekosana?" akaninong'oneza.

"Hapana. Ndiyo heshima."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi.

Saa tano hivi tulifika mahali unapoiona barafu. Muriuki alinyoosha kidole. Mzee alitazama kidole, akatazama kinakoelekea, akarudi kwenye kidole.

"Wapi?"

"Pale, Guka. Ile nyeupe."

Kulikuwa na kipande cha barafu kilicholala kwenye mwamba, kimekonda, kina vumbi na mawe mgongoni, na chini yake kidimbwi. Pembeni mwamba ulikuwa mtupu, umelainika, na kwa ulaini huo ungejua barafu ilikuwa imefika wapi zamani. Mimi mwenyewe nilishtuka. Nilikuwa nimesikia kwamba inayeyuka, lakini kusikia ni kitu kingine.

Mzee alifungua daftari. Kulikuwa na mchoro wake wa ubaoni ameunakili kwa kalamu, mlima wenye kofia nene nyeupe. Aliuinua akaulinganisha na kilicho mbele yake.

"Hii ndiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, Guka. Hata mimi nilipoanza kazi hii ilikuwa kubwa sana."

"Miaka thelathini," mzee akasema. "Miaka thelathini niliwachorea watoto kitu ambacho kilikuwa kinaondoka."

Akakaa juu ya jiwe. Alikaa muda mrefu mno. Muriuki alianza kutazama mawingu yaliyokuwa yakipanda kutoka bondeni, akamwambia twende, mzee akasema bado. Hatukufika kileleni. Hakuuliza hata kilele kiko wapi. Nilitaka kumwambia neno, nikatafuta neno la mkwe kumwambia mkwe wake anayelia, na katika lugha yetu sikulipata.

Saa saba mvua ya mawe ilitushukia. Sijawahi kuona anga ikibadilika vile, hata Kisii ambako mvua hainaga adabu. Dakika kumi tu na hatukuona njia. Mzee alikataa kuvaa kofia ya jaketi kwa sababu alikuwa na kofia yake ya kanisani, na maji yakamwingia shingoni yakateremka mgongo wote. Tulishuka, tukateleza, tukashuka. Kwanza alikuwa akitetemeka. Baadaye aliacha kutetemeka, na mimi mjinga nikafurahi nikidhani amepata joto. Kisha nikamwona akihangaika na zipu asijue ni ya kazi gani. Akakaa chini akasema kwa Ekegusii, pole pole kama mlevi, kwamba amefika nyumbani na anataka kulala.

Muriuki alimburuta chini ya mwamba uliojitokeza, pasipofika mvua. Alimshika shingo, akamtazama macho, na uso wake ukabadilika.

"Baridi imemwingia ndani. Hatuwezi mbeba wawili kwa haya mawe. Nakimbia kambini nilete mpishi na machela." Akatoa mfuko wa kulalia kutoka begini mwake. "Mtoe nguo zote zimelowa. Zote. Mwingize humu, na wewe toa jaketi lako, ingia na yeye, umpatie joto ya mwili. Na asilale."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikabaki nimesimama.

"Baki wewe," nikasema. "Mimi nishuke."

"Unajua njia na huu ukungu?"

Sikuijua.

"Madam, huyu si ni baba yako?"

"Ni baba mkwe."

"Sasa?" Alinikazia macho, maji yakimtiririka puani. "Sasa?" Kisha akaondoka, ukungu ukamfunika.

Nikapiga magoti. Nasema ukweli, mikono ilikataa. Nilikuwa naogopa kifo chake na nilikuwa naogopa mwili wake, na kwa dakika nzima sikujua ninaogopa kipi zaidi. Nilifungua jaketi. Ndani nilikuta sweta la shule alikostaafu, shati jeupe, na fulana mbili za pamba, vyote vimelowa chepechepe. Chini ya suruali ya mvua kulikuwa na suruali ya kitambaa, na ndani yake pajama za pamba za milia. Amevaa nguo za joto, kama alivyoambiwa. Nilizitazama zile pajama nikaliona rundo la Daraja Mbili, nikajiona nikizirudisha zile nguo, na nililia kwa sauti.

Alinishika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu.

"Mokamona, yaya," alisema. Mke wa mwanangu, hapana. "Yaya. Niache na heshima yangu."

"Tata, nisamehe."

"Nitakufa na heshima yangu."

Nikafumba macho. Suruali ile niliishona mwenyewe, vidole vilijua kulabu iko wapi, vifungo vingapi, mshono unapita wapi. Nilimvua kila kitu nikiwa nimefumba macho. Nikamwingiza mfukoni, nikavua jaketi, nikaingia, nikafunga zipu mpaka juu, nikamkumbatia kwa nyuma. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Sikudhani mtu aliye hai anaweza kuwa baridi vile.

Alianza kusinzia. Nilimwita, "Tata! Tata!" Kila nilipolitaja neno hilo nilimsikia akikaza mwili, akijitoa kwangu. Ndipo nikamwita tofauti.

"Mwalimu!"

Akagutuka.

"Mwalimu, barafu inasogeaje?"

Kisha sauti ikatoka, ya kukwaruza. "Nani anauliza?"

"Moraa, Mwalimu. Dawati la nyuma."

"Inasogea… kwa uzito wake. Andika."

"Naandika, Mwalimu. Halafu?"

"Inabeba mawe. Inakwangua." Meno yakaanza kugongana. Alikuwa ameanza kutetemeka tena, na safari hii nilijua kwamba ni habari njema. "Inachonga bonde. Bonde lina umbo gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hukusoma! Bonde lina umbo la karai. Rudia."

Nikarudia. Alinifundisha somo lote, alinikaripia mara mbili, akaniuliza maswali nikashindwa mengi kwa sababu sikuwahi kuipenda Jiografia. Muriuki na mpishi walipotokea kwenye ukungu saa kumi, katika somo tulikuwa tumefika kwenye maziwa ya milimani.

Kambini wakamvika trakisuti ya Muriuki iliyomfika katikati ya miundi, wakamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi. Nilimwekea kikombe cha pili juu ya meza nikarudi nyuma. Hakukichukua. Aligeuza uso ukutani, na Muriuki akakichukua akampa.

Alhamisi tulishuka hadi getini, tukampeleka kwenye zahanati, wakampima wakasema moyo wake ni mzima. Ijumaa tukasafiri siku nzima. Mzee mbele, mimi nyuma. Hakunitazama hata mara moja. Pale Nyahururu nilimwona kupitia dirisha akila peke yake, kofia imeharibika, amevaa trakisuti ya mtu mwingine. Nilimrudishia uhai, lakini kile alichoniomba nimwachie nilikuwa nimekiacha chini ya mwamba.

Tuliingia Ekerenyo jua likiwa juu ya miti. Mama mkwe alitoka mbio, akamshika mumewe mashavu, akamgeuza huku na huku. Kisha akaiona ile trakisuti.

"Nguo zako ziko wapi?"

Mzee aliingia ndani.

"Moraa. Nguo zake ziko wapi?"

"Zililowa, Mama. Nikamvua. Angekufa."

"Nani alimvua?"

"Mimi."

Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Nyasae one," alisema, Mungu wangu. Nyabuto alikuwa amesimama kwa magongo yake, mdomo wazi. Hakuna aliyepiga kelele, na ningependelea kelele. Mama mkwe alitazama jua, likawa linagusa miti.

"Sabato inaingia," akasema. "Tutaongea Jumapili."

Sijawahi kupitisha Sabato ndefu kama ile. Kanisani nilikaa nyuma. Sikusikia hata wimbo mmoja.

Jumapili tuliongea, sisi watatu, kwa maana mzee alikuwa amekwenda kituo cha chai ingawa Jumapili ile hapakuwa na chai ya kupeleka. Nilieleza yote, na nguo za ndani nilizozirudisha kwenye rundo pia. Mama mkwe alisikiliza. Zamani, akasema, ingechinjwa mbuzi, jambo likaisha. Sisi tulioacha mambo ya mbuzi hatukuwekewa kitu cha kushika badala yake. Hakunilaumu. "Ulimrudisha," akasema. "Lakini si kama ulivyomchukua."

Wiki tatu zikapita. Mzee alibadilisha njia ya kwenda kwenye chai ili asipite uani kwetu. Mtoto wetu Kemunto akaniuliza kwa nini babu haji tena kunywa chai, nikamwambia babu ana kazi. Nyabuto alinipa pole, akasema nilifanya sawa, na naamini alimaanisha. Lakini hata yeye usiku alilala akitazama dari. Niliamua kwamba milima basi. Jaketi lile la kwanza nikalifunga kwenye mfuko ili nimrudishie Mama Kwamboka aliuze.

Siku ya soko nilikuwa Daraja Mbili, mfuko mkononi, tepe langu shingoni kama kawaida kwa kuwa nilitoka kibandani moja kwa moja. Mama Kwamboka alikuwa amefungua robota na wanawake kama kumi wameinama juu yake, wanavutana. Ghafla wakanyamaza. Nikainua macho.

Mwalimu Ombasa alikuwa amesimama upande wa pili wa rundo, suti, tai, kofia mpya. Wanaume wa umri wake hawaji pale. Hutuma wake zao. Aliinama, akapekua taratibu kama mtu anayesahihisha madaftari, akavuta suruali ndefu ya ndani, nyeusi, ya kubana. Akaiinua juu mbele ya soko zima, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Mama Kemunto," aliniita kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "hii si ya pamba?"

Mama Kwamboka alijifunika mdomo kwa leso.

"Si ya pamba," nikasema.

"Bibi yangu kila siku hutaka niseme mwenyewe nani alinivua. Leo asubuhi nimemjibu: ni yule alinirudisha nyumbani." Aliitazama ile suruali, si mimi. "Muriuki amenipigia simu. Anasema barafu bado iko kidogo. Nataka kuchora ile iko, si ile ilikuwa. Nyabuto mguu wake haujapona." Akasita. "Sasa sijui kama hii itanitosha."

Wanawake wote walinigeukia. Ningeweza kumwomba Mama Kwamboka ampime. Ningeweza kusema alete ya zamani nipime hiyo.

Nikaweka mfuko chini, nikazunguka rundo, nikatoa tepe shingoni.

"Tata," nikasema, "inua mikono."

Akainua.